Muuguzi wa wodi ya wazazi na mzigo wa hisia zake

Ni saa tisa za usiku katika wodi ya wazazi. Kwenye kitanda cha kwanza amelala mama aliyejifungua salama nusu saa iliyopita, na ndugu zake walioko nje wanapiga vigelegele kwa sauti ya chini, wakimchelea mlinzi. Kwenye kitanda cha tatu pazia limefungwa. Huko yuko mama ambaye mwanawe amezaliwa bila uhai. Baina ya vitanda hivyo kuna hatua chache tu, na yupo muuguzi mkunga mmoja anayezipita kwenda na kurudi, akitakiwa afike kwa huyu na hongera na kwa yule na pole, wala asichanganye.

Hali kama hiyo yaweza kumkuta muuguzi wa Dodoma, wa Kisumu, wa Bujumbura au wa Birmingham. Majengo hutofautiana na vifaa hutofautiana, lakini kazi yenyewe ni ile ile. Aingiaye katika wodi ya wagonjwa wa moyo anajua kwamba amefika mahali pa ugonjwa. Wodi ya wazazi ni ya pekee kwa kuwa watu huja wakitarajia furaha, na ndiyo sababu msiba ukitokea hapo huwa mzito zaidi kwa mama, kwa jamaa zake, na kwa yule aliyekuwa akimhudumia.

Misiba yenyewe si michache. Kwa mujibu wa makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2025, wanawake wapatao 260,000 walifariki dunia mwaka 2023 kutokana na ujauzito au kujifungua, na takriban asilimia 70 kati yao walikuwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa jangwa la Sahara. Watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wafu kila mwaka. Ziko nchi zilizopiga hatua: nchini Tanzania utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha vifo 104 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali utafiti wa mwaka 2015-16 ulikuwa umeonesha 556. Takwimu hizo huhesabu mama na mtoto. Muuguzi aliyekuwa ameshika mkono wa mama huyo haingii katika hesabu yoyote, na makala haya yanamhusu yeye.

Kazi isiyoandikwa popote

Mwaka 1983 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Arlie Russell Hochschild, alichapisha kitabu kuhusu wahudumu wa ndege, ambao hulipwa si kwa kubeba sinia la chakula tu bali pia kwa kutabasamu. Kazi hiyo ya kuzitawala hisia kwa ajili ya mshahara aliipa jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita kazi ya hisia. Alieleza kwamba mtu aweza kuonesha hisia asiyokuwa nayo, kama mwigizaji avaavyo sura, au aweza kuilazimisha nafsi yake ihisi kweli kile kinachotakiwa. Njia ya kwanza humfanya ajione mnafiki. Ya pili humfikisha mahali asipojua tena hisia ipi ni yake na ipi ni ya mwajiri.

Pam Smith, muuguzi na mtafiti wa Uingereza, aliipeleka hoja hiyo katika uuguzi kwa kitabu chake cha mwaka 1992. Aliwachunguza wanafunzi wa uuguzi na kuona kwamba jinsi wodi inavyowatendea wagonjwa hutegemea sana jinsi muuguzi mkuu wa wodi anavyowatendea wauguzi walio chini yake. Kiongozi akiwajali, nao hupata nguvu ya kuwajali wagonjwa. Akiwa wa kukemea, ukemeaji hushuka ngazi hadi kitandani.

Baadaye mkunga na mtafiti wa Wales, Billie Hunter, aliwageukia wakunga hasa. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2004, kilichowalemea zaidi hakikuwa machozi ya wazazi. Kilikuwa mgongano: wamefunzwa kuwa karibu na mwanamke mmoja anayejifungua, lakini hospitali inawadai waitumikie ratiba, fomu na foleni ya wengine wanaosubiri. Uhusiano na wenzao kazini nao ulikuwa chanzo kikubwa cha uchovu wa moyo.

Aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya wilaya Afrika Mashariki ataongeza mambo ambayo mkunga wa Wales hayajui sana: glavu zimekwisha, damu ya kumwongezea mgonjwa haipo, gari la wagonjwa limekwenda na mgonjwa mwingine, daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji. Huzuni inayotokana na hayo si ya kufiwa peke yake. Ni huzuni ya kujua lililopaswa kutendwa na kukosa njia ya kulitenda, na haiondoki upesi, kwa sababu siku ya pili glavu bado hazipo.

Piga moyo konde

Wauguzi wengi wanakumbuka ushauri waliopewa siku ya kwanza waliposhuhudia kifo: jikaze, piga moyo konde, utazoea. Ushauri huo usidharauliwe, kwani una ukweli wake. Mtoto anapozaliwa bila kupumua, muuguzi ana takriban dakika moja ya kumkausha, kumsugua mgongo, na kuanza kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Mafunzo yajulikanayo kama Helping Babies Breathe huiita dakika ya dhahabu. Yalipotolewa katika hospitali 8 nchini Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kwamba vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Katika dakika hiyo machozi ya muuguzi hayamfai mtoto. Kinachomfaa ni mikono iliyokwisha kufanya mazoezi mara nyingi juu ya mwanasesere hata ikawa inafanya kazi bila kuusubiri moyo. Watu husahau kwamba mazoezi ya aina hiyo ni dawa ya hofu pia. Muuguzi anayejua hatua inayofuata haogopi kama yule anayeitafuta kichwani huku mtoto akigeuka rangi.

Kwa hiyo kuiweka hisia kando ni sehemu ya ujuzi wa kazi. Kosa huanza pale kuiweka kando kunapodhaniwa kuwa ni kuizika. Kilichowekwa kando hakijaondoka; kinangoja kurudiwa, na wodi nyingi hazina wakati wala mahali pa kukirudia. Zamu ikiisha, muuguzi anaandika taarifa, anakabidhi, anapanda daladala.

Mapema kabla ya tafiti zilizotajwa hapo juu, mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa saikolojia Isabel Menzies alialikwa na hospitali moja kubwa ya London iliyokuwa ikipoteza wauguzi wanafunzi. Takriban thuluthi moja hawakumaliza mafunzo. Aligundua kwamba hospitali ilikuwa imejijengea taratibu za kumkinga muuguzi dhidi ya wasiwasi kwa kumweka mbali na mgonjwa: kazi zimegawanywa vipande vipande, kila muuguzi akipewa kitu kidogo kwa wagonjwa wengi, na mgonjwa akitajwa kwa ugonjwa na namba ya kitanda badala ya jina lake. Taratibu hizo hazikuuondoa wasiwasi. Ziliwanyima wauguzi ile raha ya kumwona mtu mzima akipona mikononi mwao, na waliokuwa na moyo mwema zaidi ndio waliochoka mapema. Anayesikia leo kauli kama “yule wa kitanda cha saba amefungua sentimita nne” atatambua kwamba desturi hiyo haijafa.

Hisia zilizofichwa huishia wapi?

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na wakunga hupenda kuwakumbusha hivyo wazazi wenye haya. Wao wenyewe hawaambiwi. Kiswahili hutumia neno lile lile, uchungu, kwa maumivu ya kujifungua na kwa huzuni ya moyo. Wa kwanza unapokewa wodini kwa vifaa na utaratibu, wa pili unaambiwa usubiri nje.

Haukubali kusubiri. Mara nyingi hurudi katika sura ya ukali. Watafiti waliowahoji wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya vya wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, walichapisha mwaka 2014 kwamba karibu asilimia 19 walisema walitendewa vibaya au kuvunjiwa heshima. Walipohojiwa tena wakiwa nyumbani, mbali na macho ya hospitali, idadi ilipanda hadi asilimia 28. Nchini Kenya, uchunguzi uliofanywa katika vituo 13 na kuchapishwa mwaka 2015 ulipata asilimia 20. Malalamiko yalihusu kupigiwa kelele, kupigwa, kuachwa peke yake, na kukosa faragha.

Nchini Afrika Kusini, Rachel Jewkes na wenzake waliuliza swali hilo moja kwa moja mwaka 1998: kwa nini wauguzi wawatese wagonjwa? Jibu lao halikuwa kwamba wauguzi ni watu wabaya. Walikuta mchanganyiko wa kazi iliyozidi nguvu, mashaka ya wauguzi juu ya hadhi yao wenyewe, umbali wa kitabaka baina yao na wagonjwa maskini, na imani kwamba mzazi asipodhibitiwa kwa nguvu mambo yataharibika.

Hilo la mwisho linahitaji kuelezwa, kwa kuwa hapo ndipo hisia inapogeuka kitendo. Mama amechoka, hawezi kusukuma tena. Muuguzi anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuyaona yanashuka. Wiki iliyopita aliyasikia yakishuka hivyo hivyo, na mwisho wake anaujua. Hofu inampanda, na kwa kuwa amefunzwa kwamba muuguzi haogopi, hofu haitoki kama hofu. Inatoka kama kelele: “Unataka kumuua mtoto wako?” Pengine na kofi la paja. Mama anaondoka na maneno hayo maisha yake yote, na mdogo wake anayesimuliwa huchagua kujifungulia nyumbani.

Maelezo haya si udhuru. Kofi ni kofi, na Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi mwaka 2014 kwamba kila mwanamke ana haki ya huduma yenye heshima anapojifungua. Lakini semina ya kuwahimiza wauguzi wawe wapole, isiyogusa hofu waliyo nayo, ni kama kufuta maji sakafuni huku bomba likivuja.

Upo pia uchungu wa kosa. Daktari Albert Wu wa Marekani aliandika mwaka 2000, katika jarida la British Medical Journal, kwamba kosa la kitabibu humjeruhi kwanza mgonjwa na kisha mhudumu mwenyewe, ambaye alimwita mwathirika wa pili. Jina hilo limepingwa baadaye na baadhi ya jamaa za wagonjwa waliofariki, wakisema linamfanya mtendaji aonekane hana dhamana, na pingamizi lao lina uzito. Hata hivyo hali iliyoelezwa ni ya kweli. Muuguzi aliyechelewa kutambua kwamba mama anavuja damu ataona sakafu ile usingizini. Asipopata wa kuzungumza naye, huelekea kwenye mojawapo ya njia mbili: kuogopa kila kitu hata akachelewesha maamuzi, au kutojali chochote.

Ndani ya zamu, na baada yake

Yako mambo madogo yanayowezekana hata pale wodi inapojaa. La kwanza ni kituo baina ya kitanda na kitanda. Muuguzi ananawa mikono kwa hali yoyote. Nusu dakika hiyo anaweza kuitumia kutoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, na kujitajia kimoyomoyo anachohisi: nina hasira, nina hofu, nina huzuni. Jambo hilo huonekana la kitoto, lakini hisia iliyotajwa jina ni rahisi kuishika kuliko ile inayozunguka bila jina. La pili ni kusema kwa sauti kwa mwenzake, “Nishikie hapa dakika mbili.” Katika wodi ambamo sentensi hiyo huhesabiwa kuwa udhaifu, hakuna atakayeisema, na hapo muuguzi mkuu ndiye wa kuanza.

La tatu linahusu mama aliyefiwa na mtoto. Wauguzi wengi humkwepa, si kwa ukatili bali kwa kukosa la kusema. Wazazi waliopatwa na msiba huo nchini Uingereza, walioanzisha chama kiitwacho Sands mwaka 1978, wamekuwa wakifundisha jambo lile lile kwa miongo kadhaa: usiufiche ukweli kwa maneno ya mzunguko, sema kwamba mtoto amefariki, mtaje kwa jina kama amepewa, muulize mama kama angependa kumwona au kumshika, na usimharakishe. Kinyume na hofu ya wengi, muuguzi anayefanya hivyo huondoka na nafuu kuliko aliyekimbia. Na je, akitokwa na machozi? Chozi moja la muuguzi halijamuumiza mzazi yeyote, mradi mama asigeuzwe kuwa mfariji.

Baada ya tukio kubwa, ni desturi nzuri kukaa kikundi kwa dakika 10 au 15 kabla ya kutawanyika: nini kilitokea, nini kilikwenda vizuri, nini kilikosekana, nani anahitaji kusindikizwa nyumbani. Kikao hicho si mahakama, na kinachosemwa hapo hakipelekwi kwa mkubwa kama mashtaka. Lakini hapa kuna tahadhari. Kuwalazimisha watu wasimulie maumivu yao yote katika kikao kimoja mara baada ya tukio, utaratibu uliopendwa sana katika miaka ya 1990, kumeonekana hakuzuii ugonjwa wa akili utokanao na mshtuko, na Shirika la Afya Duniani limeshauri usitumike. Anayetaka kusema asikilizwe. Anayetaka kunyamaza apewe chai na aachwe anyamaze.

Kukosa usingizi siku chache baada ya kifo cha mama si ugonjwa. Lakini picha za tukio zikiendelea kumjia mtu kwa zaidi ya mwezi mmoja, akawa anaepuka chumba fulani au kazi fulani, anashtuka kwa kila kishindo, anatumia pombe au vidonge ili alale, au anajiona hana thamani ya kuishi, basi amevuka mpaka wa uchovu wa kawaida, na yampasa amwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili bila kungoja. Muuguzi ndiye mtu wa mwisho kujipeleka hospitali, jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kusikitisha.

Ugenini

Wauguzi wa Afrika Mashariki wametawanyika duniani. Mwezi Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuajiri wahudumu wa afya wa Kenya huko Uingereza, na wengine walikuwa wametangulia kwa miaka mingi, huko na Marekani na katika nchi za Ghuba. Wanaofika huko hukuta vifaa kamili na mwongozo unaotaka kila mwanamke aliye katika uchungu uliokolea awe na mkunga wake mmoja. Wasidhani kwamba wameuacha mzigo uwanja wa ndege. Uchunguzi wa wakunga karibu 2,000 nchini Uingereza, uliotolewa mwaka 2018, ulionesha kwamba asilimia 83 walikuwa na uchovu mkubwa wa nafsi, na asilimia 67 walisema uchovu wao unatokana na kazi.

Mgeni ana la ziada. Neno “pole” halina mwenzake katika Kiingereza. Muuguzi aliyezoea kumpa pole kila aliyefikwa na jambo hujikuta akiogopa kusema “sorry”, asije akaonekana amekiri kosa. Kwa wanaofanya kazi Uingereza katika eneo la England, sheria ya mwaka 2006 inatamka kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe, na tangu Novemba 2014 hospitali za umma zinawajibika kisheria kumweleza mgonjwa ukweli na kumwomba radhi jambo likiharibika. Aliyefunzwa pole na mama yake aitumie bila woga. Shida nyingine ni saa: zamu ya usiku inapoisha, aliyetaka kumpigia simu dada yake Mombasa anamkuta yuko kazini, na wiki hupita bila mtu wa kumsikiliza kwa lugha anayoilia.

Mzigo unapogawanywa

Hospitali kadhaa za Marekani, na za Uingereza tangu mwaka 2009, zina vikao viitwavyo Schwartz, kwa jina la mwanasheria wa Boston aliyefariki kwa saratani mwaka 1995 baada ya kuandika jinsi wema mdogo wa wauguzi ulivyomsaidia. Humo madaktari, wauguzi na hata wafagizi hukutana kusimulia kazi imewafanya wahisi nini, bila kutafuta suluhisho wala mkosaji. Havihitaji mashine. Vinahitaji saa moja na mwenyekiti anayejua kunyamaza.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa Tanga. Baada ya uchunguzi uliotajwa hapo juu, mradi ulioitwa Staha uliwaketisha pamoja wanakijiji, viongozi wa wilaya na wauguzi wenyewe waandike mkataba wa kuheshimiana, kisha wauguzi wa hospitali moja wakachagua wanachotaka kibadilike. Mapazia yaliwekwa. Vifaa vilivyokwisha vikaanza kuandikwa mahali ambapo kila mtu aliviona, hivyo muuguzi akapumzika kulaumiwa kwa dawa ambazo si yeye aliyezikosesha. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, uwezekano wa mwanamke kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66 ukilinganishwa na eneo ambalo mradi haukufika.